Mashine Iliyokataa Vidole vya Mama

Tunduma, mpakani

Mama yangu mpenzi,

Mwangaluka, mayu. Najua hujaitikia bado, unamtazama anayekusomea. Itikia tu. Goti linakusumbuaje siku hizi? Dawa ya kuchua niliyompa Dada Ester akuletee ni ya kupaka jioni, na ukishapaka usiende kukaa karibu na moto. Mvua zimewanyeshea huko, au ni mawingu ya kutania watu kama mwaka jana? Mimi ni mzima, mhola duhu, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Bado nawapikia madereva wa malori ubwabwa na maharage wakati wanasubiri kuvuka kwenda Zambia. Wanakula vizuri na kulalamika vizuri.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako anaishika Shija, na kila nikipiga anaweka sauti kubwa, mji mzima unasikiliza. Najua hata barua hii atakusomea yeye, maana wewe hukupelekwa shule. Sawa, nimetaka iwe hivyo. Kaka Shija, shikamoo. Soma polepole, kwa sauti, usiruke hata mstari. Dada Ester tunaimba naye kwaya hapa. Ameisoma barua hii mara mbili kabla ya kupanda basi, na nimemwomba asinyanyuke kwenye kigoda mpaka ufike mwisho.

Mama, unakumbuka baba alivyokuwa na ng'ombe wake. Wengine aliwaweka kwa rafiki yake wa Sola, wengine kwa mtu wa Lagangabilili, nyumbani wakabaki wachache wa maziwa. Alisema ng'ombe anayeonwa na kila mtu ana wenyewe wengi. Hakuwa mchoyo, maana watoto wa dada zake aliwasomesha yeye. Alitaka tu awe yeye anayeamua lini atatoa na atampa nani.

Mimi nilipoachika nikarudi nyumbani, Shija aliniambia mwanamke aliyerudi kwao ni mgeni hata kama ndiye anayepika. Ndiyo maana nikaja huku, nikafanya kama baba. Kila mtu wetu aliyekuwa anarudi Simiyu nilimpa fedha taslimu akukabidhi mkononi. Kila zikitosha ulikwenda mnadani ukanunua mtamba, ukampeleka kwa rafiki yako Mama Holo kule Mwandoya akae kwenye zizi lake. Tulijua sisi watatu tu. Wakazaa, na watoto wao wakazaa. Nilitaka kitu kimoja, kiwanja Bariadi mjini, nijenge vyumba viwili, mlango wenye ufunguo ambao ninao mimi. Tukae humo mimi na wewe mpaka Mungu atuite.

Mwaka huu kiwanja kikapatikana, nikakuomba uuze nusu ya wale ng'ombe. Mnunuzi akakwambia fedha nyingi siku hizi hazilipwi mkononi, agizo limetoka serikalini, lazima zipite benki au kwenye simu ili zionekane. Bwana mmoja wa mnadani akaongeza kwamba ni kwa usalama wetu, tusije tukaibiwa njiani. Basi ukampa mnunuzi namba yako. Nani angekulaumu?

Lakini laini ile, mama! Siku ya kuisajili mashine ilivikataa vidole vyako. Umeshika jembe na kuchuma pamba tangu utoto, mistari yote imelika. Msajili akavifuta kwa kitambaa, ukalowanisha kwa mate, ukabonyeza tena, wapi. Shija akacheka, akasema, "Weka changu. Mimi na mama si kitu kimoja?" Wote tulicheka. Nilikuwa sijaondoka bado, na nakumbuka nilimshukuru, "Wabeja, kaka."

Basi fedha za ng'ombe wangu zikaingia, na jina likasoma Shija. Tukaibiwa kwa usalama.

Yaliyofuata nilielezwa na Mama Holo, akilia kwenye simu. Shija alizitoa zile fedha, akamuuliza mnunuzi ng'ombe walitoka zizi gani, akapanda pikipiki mpaka Mwandoya, akamwonyesha ujumbe wa malipo. "Unaona jina hapa? Basi na waliobaki ni wangu." Mama wa watu atabishana na simu? Akawaswaga wote, na leo ni mahari ya mke wake wa pili. Kaka, umeoa kwa masufuria yangu. Nilipokupigia ukanijibu, "Kabula, hata serikali inajua ni za nani." Rudia kusoma hapo, mama asikie vizuri.

Serikali nayo ina deni na mimi. Ilitaka ione fedha zinapita wapi. Haya, imeona zilikotoka na zilikoingia, isipokuwa mwenyewe ndiye haikumwona. Nilikwenda kulalamika kwenye ofisi ya kampuni ya simu huku. Dada wa dirishani akabonyezabonyeza, akaniambia, "Mwenye laini ni Shija. Kama kuna malalamiko, mwenye laini aje mwenyewe." Nikamuuliza, "Yaani mwizi aje ajishtaki?" Akasema, "Anayefuata!"

Lakini hayo yote, mama, yananiuma nusu. Nusu nyingine ni wewe. Nilikuuliza kwenye simu, ukaniambia, "Mwanangu, kaka yako naye ana mambo yake, tusiaibishane." Nilijua sauti iko juu na yeye amekaa pembeni. Nikajipa moyo kwamba unaogopa, unakula kwake na kulala kwake. Kisha nikasikia kwamba harusini uliimba ukamchezea ngoma bibi harusi, umevaa kile kitenge nilichokutumia Krismasi. Nililia mpaka nikaunguza maharage ya watu. Uliwanunua wale mitamba kwa mkono wako mwenyewe, mama. Ulikuwa unawaita kwa majina!

Baba mdogo Maduhu amekubali kuwakalisha wazee wa ukoo pamba ikishavunwa. Shija atakwenda na simu yenye jina lake. Mimi sina karatasi wala ujumbe, nina wewe tu. Sitaki umlaani mwanao, wala sitaki afungwe. Nataka usimame mbele yao useme wale ng'ombe walikuwa wa Kabula. Ukisema, watarudi, na nyumba ya Bariadi itajengwa, chumba chako kitakuwa upande wa jua la asubuhi kwa ajili ya hilo goti. Ukinyamaza, dawa nitaendelea kukutumia, wewe ni mama yangu. Ila nyumbani sitakuwa na pa kurudi, na nitazikwa huku huku kwenye vumbi la malori.

Nisalimie baba mdogo Maduhu, umwambie namshukuru kwa kunisikiliza. Msalimie Mama Holo, mwambie sina kinyongo naye. Msalimie wifi, mke mkubwa wa Shija, najua naye kalia. Na yule bibi harusi asiyejua amelipiwa na nani, naye msalimie, kosa si lake.

Kaka, umefika mwisho, ahsante kwa kusoma. Sasa mpe mama karatasi yake aishike.

Mama, mashine ilivikataa vidole vyako. Mdomo wako hakuna aliyeukataa.

Ni mimi mwanao,
Kabula