Udongo Unaoshika Mizizi

Morogoro, 3 Machi 2024

Dada Germana,

Shikamoo. Mimi mzima, ni masomo tu yananikondesha. Watoto wanaendeleaje?

Kazi yangu ndiyo hii: mizizi ya miti hutoa asidi kidogo kidogo, inayeyusha madini ya udongoni, mti unapata chakula. Nataka ule udongo unaoshika mizizi ya msituni. Naserian wa Enguserosambu, kijiji cha kando ya msitu huo, atachimba, atalala kwako Karatu, nawe utaituma mifuko kwa basi, ikiwa kwenye barafu. Ana mkono mwepesi, hakati mizizi. Amekuwa kama dada yangu wa pili.

Mdogo wako,
Selestina

Karatu, 17 Machi 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Watoto wazima, mimi mgongo tu.

Barua naiweka ndani ya boksi la udongo. Mgeni wako alikula, akalala, ameondoka asubuhi. Ila nikuulize: nani alikufundisha kung'oa miche bila kukata mizizi? Ni mimi, pale bustanini kwa baba. Leo mimi ni wa kununua barafu, mkono mwepesi ni wa Naserian. Imeniuma.

Dada yako,
Germana

Morogoro, 20 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Habari zangu si nzuri. Udongo wa msituni umekutwa hauna asidi kabisa. Mwalimu anasema umechotwa penye jiko la zamani, na nisipopata mwingine narudia mwaka. Nimemsimamisha Naserian. Hakubisha, alisema pole tu.

Selestina wako

Karatu, 28 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa leo sistahili shikamoo yako.

Ni mimi. Naserian alipokwenda kuoga nilifungua mifuko, nikatia yale majivu tunayohifadhia mbegu za maharage. Sikujua yanaua asidi. Nilitaka tu uone uchafu, useme hajui kazi. Wivu ulinishika tangu uliposema dada wa pili. Nisamehe.

Germana

Morogoro, 6 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Nililia, halafu nikampigia Naserian kumwomba radhi. Kumbe alijua. Aliona majivu kwenye kucha zako ulipompa chai, akadhani ya jikoni, mpaka nilipomweleza majibu ya maabara. Nikamuuliza mbona alinyamaza nilipomsimamisha. Akasema, "Yule ni dada yako. Mimi ni mtu wa kazi tu."

Mwalimu amenipa mwezi mmoja. Naserian atachimba tena, kwa sharti moja: mifuko ilale kwako kama mwanzo. Anafika Alhamisi ya wiki ijayo.

Mdogo wako,
Selestina

Karatu, 17 Mei 2024

Selestina,

Marahaba. Hatujambo sote, na ninaposema sote, mgeni yumo.

Nimempa kitanda changu. Jana aliniwekea mfuko wazi mbele yangu, akaenda kuoga, akakawia makusudi. Nilikaa nao mikono mapajani mpaka akarudi. Bado namwonea wivu, sikufichi, maana ningekuwa yeye nisingerudi nyumba hii. Kamba ya mfuko tumeifunga sote wawili.

Dada yako wa kwanza,
Germana