Matairi Tuliyoyatunza kwa Siku Kuu

Bel-Air, Kampemba
Lubumbashi, tarehe 9 Februari 2025

Mpendwa mwipwa wangu Franck,

Pokea salamu za mjomba wako, yule unayemwita Yama tangu ulipoanza kusema. Baridi ya Liège imekuachia pumzi kidogo? Kifua cha mkeo Gaëlle kimepona? Na Nono, bado analala na viatu vyake vipya kando ya mto, akingojea siku yake ya kuzaliwa? Mwambie avivae sasa. Mguu wa mtoto haungoji.

Sisi huku tuko. Mvua inanyesha karibu kila alasiri, na mahindi ya nyuma ya nyumba yamenipita urefu. Umeme unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga. Mwansa, jirani yetu wa mkono wa kushoto, amenunua jogoo anayewika saa ambazo hata mapadri wamelala.

Kuhusu afya yangu, sitakuficha. Moyo umechoka. Daktari haniambii tena habari za mwaka ujao; ananiuliza tu kama nimelala vizuri. Nilifundisha fizikia muda wa kutosha kuijua pampu inayokaribia kusimama. Usihangaike kutafuta dawa huko. Nakula kidogo, nasali, nakaa barazani asubuhi kabla ya joto. Sina maumivu makubwa, isipokuwa moja, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Siku ile ya Oktoba, motokari ilipotoka barabarani tukirudi kutoka Kipushi, binti yangu Simone hakuwa kwenye usukani. Nilikuwa mimi.

Najua hapa umesimama. Kaa chini, mwanangu, unisome polepole. Ningeweza kukueleza kwa simu, lakini kwenye simu tunaanza na salamu, pumzi inakwisha, na ujasiri unakwisha pamoja nayo. Karatasi inaningoja. Lombe anasafiri Ubelgiji Jumatano. Ndiye atakayekuletea bahasha hii mkononi.

Acha nianzie kwenye matairi, maana wewe ndiye uliyeyatuma. Unakumbuka mwaka ule ulipoleta motokari kwa kontena, na ndani yake matairi manne ya mbio yakiwa yamefungwa kwenye rimu zake, meusi, mapana, yenye mifereji iliyochongwa kama mabawa? Uliyafunga mwenyewe hapa uani, ukanipeleka barabara ya Kipushi. Sikuwahi kukuambia vizuri nilichohisi siku ile. Matairi yetu ya kawaida ni marefu ubavuni na laini. Unapozungusha usukani, kwanza yanajikunja, yanafikiri, ndipo motokari inageuka. Yale yako hayakufikiri. Uligusa usukani, na pua ya motokari ikaenda pale pale jicho lako lilipokuwa. Kwenye kona nilijishika mlangoni nikingoja tuteleze, hatukuteleza. Nilikuwa nimewaandikia wanafunzi ubaoni neno msuguano maisha yangu yote. Siku ile ndiyo niliyoukalia.

Kwa matumizi ya kila siku, lakini, yalikuwa mateso. Ubavu wake mfupi haukumeza shimo hata moja la hapa Bel-Air. Kila jiwe lilipanda moja kwa moja mgongoni. Kwenye matope mekundu mifereji ilijaa udongo, na tairi likawa kama sahani. Na kwenye lami yalivuma kiasi kwamba mtu wa nyuma alilazimika kupaza sauti. Uliporudi Ulaya nikayavua, nikairudishia motokari matairi yake ya kazi.

Hapo ndipo kosa lilipoanza, nami sikuliona kuwa kosa. Unatujua. Sahani nzuri zinakaa kabatini zikingoja mgeni, kitambaa cha harusi ya mama yako Nkandu hakikuwahi kuguswa na mchuzi mpaka tulipomzika. Basi na matairi yako niliyaweka nyuma ya kiti kirefu cha sebuleni, nimeyafunika shuka. Yalikuwa ya Siku Kuu. Pasaka tuliyafunga, harusi tuliyafunga, kisha tukayafuta kwa kitambaa na kuyarudisha. Wageni waliweka soda zao juu yake. Kila ulipopiga simu na kuuliza, nilikujibu kwa fahari, “Yako mapya kama siku ile,” na kwa macho yalikuwa mapya kweli. Mifereji ilikuwa mirefu, ungeweza kuzamisha kidole.

Mpira hauhesabu kilomita peke yake, Franck. Unahesabu pia miaka. Unakauka ukiwa umelala, unakuwa mgumu kama soli ya kiatu cha marehemu. Ubavuni kuna tarakimu nne zinazotaja juma na mwaka tairi lilipotengenezwa. Niliziona mara nyingi nikiyafuta vumbi. Nilijua maana yake. Lakini niliona ingekuwa aibu kukiita kibovu kitu nilichokitunza kwa heshima namna ile.

Oktoba, Chishimba alitualika Kipushi, ubatizo wa mtoto wake wa mwisho. Nilimwomba Simone ayafunge matairi ya Siku Kuu. Alikunja uso, kwa sababu mgongo ni wangu na yeye ndiye anayeusugua, lakini aliyafunga. Tulikwenda vizuri. Lami ilikuwa kavu na ya moto, na matairi yalishika kiasi, ingawa kwenye kona moja niliyasikia yakilia kidogo. Tulikula, tulisali, mtoto alimkojolea padri. Tukaanza kurudi.

Nyumba za mji zilipokwisha nilimwambia Simone, “Simama kidogo. Nipe volant.”

“Papa, docteur alikataza.”

“Docteur haiko hapa.”

“Mungu iko.”

“Mungu anajua kama ile ni siku yangu ya mwisho ya kuendesha. Muulize.”

Alinitazama, akacheka, akateremka. Ndivyo ilivyokuwa. Hakunishawishi, hakulala, hakukosa akili. Alimhurumia baba yake.

Mwanzoni nilienda polepole kama mzee anayejua umri wake. Kisha barabara ikanyooka, malori ya madini yakawa yamepungua, nikakumbuka siku ile ukiwa kando yangu. Nikakanyaga. Sindano ilipita tisini, ikaipita mia. Simone alisema, “Doucement, Papa, polepole, wingu ile inakuya.” Nililiona wingu. Nilisema tutalipita.

Matone ya kwanza ya mwaka yaliangukia lami iliyokuwa imekula vumbi na mafuta ya malori tangu Aprili. Hiyo ni sabuni, kila dereva wa Katanga anajua. Tairi laini na changa lingejitahidi. Yetu yalikuwa mazuri kwa macho tu. Kwenye kona nikageuza usukani, ukageuka mwepesi mkononi mwangu kama hauna kitu chini yake, na motokari ikaendelea kwenda moja kwa moja. Nilikanyaga breki, ikawa mbaya zaidi. Tuliingia majanini, tukapiga kichuguu kile kikubwa kilicho upande wa kulia.

Nikamsikia Simone anasema, “Papa, tumegonga kichwa ya Franck.”

Tulicheka, mwanangu. Tulicheka huku machozi yanatoka, tukiwa tumeinama ndani ya motokari iliyokunjika pua. Gaëlle aliposikia mara ya kwanza mnavyotukanana kwenye simu, alidhani mnagombana. Ikabidi umweleze kwamba kwetu mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni bafyala, na kwamba mufyala asiyekutukana ana neno moyoni. Wewe umemwambia tangu utoto kwamba anaendesha kama anasukuma brouette, toroli la mchanga. Yeye amesema tangu utoto kwamba kichwa chako ni kichuguu. Hata pale, mkono wake ukiwa umevunjika na yeye hajajua bado, alikutaja.

Kisha tukaona watu wanakuja mbio kutoka mashambani. Simone aliacha kucheka. “Toka pale, Papa. Pita huku, upesi. Batu banakuya.” Alinivuta kwa mkono mzima, akanipitisha juu yake, akakaa mahali pangu. Walipofika alisema, “Ni miye njo nilikuwa mu volant.” Mimi nilikuwa nimefumba macho. Walidhani ni mshtuko. Ilikuwa aibu.

Alifanya hivyo kwa sababu alijua ukoo utasemaje: mzee amerukwa na akili, apelekwe kwa binamu yenu Chance, anyang’anywe ufunguo na mambo mengine. Alitaka nife nikiwa baba wa nyumba hii. Nami nilikubali zawadi hiyo, nikaila peke yangu.

Jioni ya kesho yake ulipiga simu. Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, sisi wote tunasikia. Ulimwambia Simone kwamba angeniua. Ulisema motokari hiyo ni ya mjomba wako, na kwa desturi yetu ya mwipwa kumrithi mjomba itakuwa yako, na kwamba ufunguo uende kwa binamu yenu Chance siku hiyo hiyo. Sikulaumu. Ulisema kwa woga wa mtu aliye mbali. Simone alijibu, “Sawa, Franck.” Hakukutukana. Wewe pia hukumtukana. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye simu ile, na ulimi ulikuwa wangu, nikanyamaza.

Tangu siku hiyo anatembea kwa miguu hadi shuleni kwake. Mkono umepona ukiwa umepinda kidogo. Anaandika ubaoni kwa kupumzika-pumzika. Siku zangu za daktari ananitafutia teksi kwenye mvua, ananishika bega, na watu wa ukoo wakipita wanamwambia, “We mama, acha dereva aendeshe,” naye anatabasamu. Unapiga simu kila Jumapili kuuliza hali yangu, na unaniomba nisimpe simu. Kila Jumapili nimeona akiondoka chumbani kabla hujaomba.

Wiki iliyopita nilimwita Chance, nikamwambia yote mbele ya Simone. Chance alishika kichwa, akasema, “Eh, Papa Lucien! Weye, professeur!” Baadaye akacheka mpaka akakaa chini. Alirudisha motokari, imenyooshwa pua, na ufunguo. Simone hakucheka. Aliniambia, “Papa, nilikuomba kintu gani? Nilikuomba unyamaze tu.” Ufunguo uko juu ya meza ya kulia, kando ya chumvi. Tunakula tukiuzunguka. Ameapa hataugusa mpaka wewe mwenyewe useme, kwa sababu wewe ndiye uliyeutoa mkononi mwake.

Kuhusu matairi, nimeyamaliza. Chance alitaka kuyauza. Alisema mtu yeyote akiona mifereji ile atayachukua siku hiyo hiyo. Kweli kabisa, na ndiyo sababu nilimkatalia. Tuliyakata ubavu kwa msumeno, mbele ya macho yangu. Mawili sasa ni vyombo vya maji ya kuku, mawili nimeomba yapandwe mchicha. Motokari ina matairi ya kawaida, mapya, ya kutumiwa. Yanajikunja kidogo kwenye kona, hayana haraka, na yatampeleka Simone shuleni katika mvua. Usitume mengine ya mbio. Siku utakapokuja ukitaka kuikimbiza motokari, njoo nayo yakiwa yametengenezwa mwaka huo huo, yatumie mpaka yaishe, kisha uyatupe.

Ninachokuomba ni kimoja. Motokari, kwa desturi, ni yako. Sitaki kuivunja desturi ya mama yako na mama yangu nikiwa mlangoni. Lakini ninakuomba, ukiwa mrithi wangu, uiache kwa Simone. Na usimwandikie barua ya kuomba msamaha, wala usimpigie na maneno ya kanisani. Atasema “Sawa, Franck” na ufunguo utabaki kando ya chumvi. Mpigie umtukane kama zamani. Mwambie habari ya brouette. Ataelewa yote.

Mimi nami nimemwomba msamaha, mara moja, kwa maneno machache. Aliniletea chai. Sukari ilikuwa nyingi kuliko daktari anavyoruhusu, nikajua amenisamehe, au anataka niende haraka. Nilimwambia hivyo, akanipiga na kitambaa.

Nisalimie Gaëlle, na umshukuru kwa soksi za sufu; nazivaa hata kwenye joto hili. Nisalimie Nono na viatu vyake. Chance anawasalimu, Chishimba pia, na mtoto wake aliyebatizwa ana meno mawili sasa. Mungu aliyekulinda ukiwa mgongoni mwa Nkandu akulinde huko kwenye theluji, akupe usingizi mzuri na watu wa kukutania mpaka uzeeni.

Nilipokuwa nafika hapa Simone aliingia kufunga dirisha, mvua imeanza. Aliona jina lako juu ya bahasha. Nilimwuliza kama ana salamu. Akasema hapana, akatoka. Kisha akarudi, akasimama mlangoni, mgongo kwangu.

“Mwambie kile kichuguu kiko. Mchwa balikijenga tena. Sasa kinafanana naye kabisa.”

Yeye ameanza. Zamu ni yako.

Anayekupenda hadi pumzi itakapomwacha,
Yama wako,
Lucien Kalenga