Kitufe Nilichodhani Ni cha Kupumzika

Nyumba ya bati jekundu,
Nyuma ya posta,
Jumatano, tarehe 14, baada ya chai ya saa nne.

Mpendwa mjukuu wangu Chiriku,

Kabla ya yote pokea salamu, na uzipokee ukiwa umekaa vizuri, miguu chini. Hujambo? Mwili unasemaje? Hiyo kazi yako ya kusambaza dawa hospitali hadi hospitali inakulisha, au ndiyo inayokula wewe? Mchumba hujapata bado? Kama hujapata usihangaike, mimi nipo, ingawa bibi yako anasema bidhaa iliyokwisha tumika hairudi dukani.

Sisi huku tunasukuma siku. Mimi sijambo, kwa maana kwamba bado napumua na bado naudhi watu. Goti la kulia limekuwa kama bawaba ya mlango wa choo, ukifungua linalia, ukifunga linalia. Jicho la bibi yako linaendelea vizuri tangu lilipopasuliwa, ila mkono wake wa kushoto umo kwenye plasta, wiki ya tatu leo. Wewe uliambiwa alianguka. Hakuanguka, mjukuu wangu. Aliangushwa, na aliyemwangusha ndiye anayekuandikia.

Ningekupigia simu, lakini masikio yangu siku hizi hayasikii mpaka niweke spika, na nikiweka spika anasikia hata muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara. Halafu nimechoka. Si uchovu wa kazi, maana kazi sina. Ni ule uchovu wa mtu aliyebeba kitu kwapani wiki tatu na hana pa kukitua.

Picha yako ilifika. Uko kwenye usukani, umekunja miguu kitini kama mtu aliyekalia mkeka, kioo cha mbele kimejaa mvua, na nyuma ya picha umeandika, "Babu, gari linajiendesha!" Bibi yako aliizungusha mtaa mzima kama mwaliko wa harusi. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ndoo.

Hiyo kruzi yako, kidude cha kulishikia gari mwendo, naijua. Gari la baba yako, lile jeupe alilotuachia ili nimpeleke bibi yako kliniki ya macho, linayo. Baba yako alinionyesha kwa haraka zake zile unazozijua: bonyeza hapa, gari linashika mwendo huohuo, unatoa mguu kwenye mafuta, linakwenda; ukitaka kuiachisha, gusa breki. Vitufe vingine akasema tutavifundishana siku nyingine. Nikamwambia mimi nimeendesha malori miaka thelathini na moja, sifundishwi usukani na mtoto niliyemfuta kamasi. Akacheka, akaondoka. Kosa lilizaliwa hapo, na wazazi wake ni wawili.

Na nikwambie kweli, niliipenda. Kliniki ni kilomita tisini kwenda na tisini kurudi, mara mbili kwa wiki, na goti langu lilikuwa limepata likizo. Barabara ikiwa kavu, imenyooka kama rula, mbele hakuna gari wala mbuzi, kitu kile ni neema, sikatai. Mwanzoni nilikuwa na adabu: mikono kwenye usukani, macho mbele, mguu unaisubiri breki kama paka anavyosubiri panya. Lakini neema humlegeza mtu. Baada ya wiki mbili mguu nilikuwa nimeurudisha chini ya kiti na kiatu nimevua. Baada ya wiki tatu nikaanza kuhesabu nguzo za umeme.

"Mzee, umelala?" bibi yako aliniuliza siku moja.

"Sijalala, nafikiri."

"Basi fikiri macho wazi."

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne mchana, tunatoka kliniki, jicho moja la bibi yako limefunikwa pamba. Mvua ilikuwa imenyesha na lami inateleza. Yule dereva wa malori aliyebaki ndani yangu akanong'ona: zima hicho kidude, hakina macho, tairi zikiteleza chenyewe kitaendelea kumwaga mafuta tu. Dereva mwenye goti bovu akamwambia nyamaza. Nikashika themanini.

Mbele tukalikuta lori la matofali. Nikagusa breki, kruzi ikaachia, tukalifuata lori kwa arobaini mpaka likakata kushoto. Sasa mbele yetu ule mteremko wa waseremala, wale wanaopanga makabati kando ya barabara, na chini ya mteremko kuna kona. Goti linawaka moto, nimesharudisha mguu mahali pake pa starehe. Nikatazama vitufe vya usukani. Kimoja kina herufi tatu: R, E, S.

Chiriku, shule yangu iliishia darasa la nne, lakini kama kuna neno la kizungu ninalolijua ni hilo. Miaka yote ya malori nililala kwenye nyumba za wageni zenye kibao cha REST HOUSE. Herufi T ya mwisho, nikajua, imefutwa na vidole vya wale waliolitumia gari kabla yetu. Basi hiki ndicho cha kulipumzisha gari likateremka polepole! Nikajiona nimevuka elimu ya baba yako. Nikamwambia bibi yako, "Tulia mama, sasa gari linapumzika." Nikabonyeza.

Kumbe RES ni ya resume, kitufe cha kulikumbusha gari mwendo wake wa mwanzo. Ile themanini yangu gari halikuwa limeisahau, lilikuwa limeiweka. Likanguruma, likaruka mbele kama mbuzi aliyemwagiwa maji. Nikadhani sijabonyeza sawasawa, nikabonyeza tena! Likaongeza. Mguu nautafuta, hauna kiatu, goti limekwama. Nilipoufikisha kwenye breki, kona ilikuwa imeshatufikia, tairi zikateleza, tukatoka barabarani kwa ubavu, tukaingia kitandani.

Sisemi kwa mafumbo. Kitanda cha futi sita kwa sita, cha mninga, hakijapigwa hata vanishi. Nilitafuta kupumzika nikaletewa na kitanda. Mwenyewe akaja mbio, randa mkononi, akachungulia dirishani, alipoona tunapumua akasema, "Mzee, huwa tunaulizana bei kwanza." Bibi yako alicheka kidogo, halafu akaushika mkono wake, akaanza kulia. Miaka arobaini na sita ya ndoa, na kilio kile sikuwahi kukisikia.

Watu wakajaa. Vipi mzee, imekuwaje? Nikafungua mdomo, na neno likatoka lenyewe: "Breki. Breki zimekata."

Fundi Kimya unamkumbuka, yule wa gereji ya kontena la bluu hapo kwetu, anayesema maneno kumi kwa siku na manane kati yake ni "naam." Jumamosi iliyotangulia yeye ndiye aliyetuwekea pedi mpya za breki. Sikumtaja. Naapa sikumtaja. Lakini ukisema breki katika mtaa huu umeshamtaja Kimya.

Baba yako akaja siku ya pili. Alipouona mkono wa mama yake hakukaa hata kunywa maji, alikwenda moja kwa moja gerejini, mimi nyuma yake, gari likiwa limeshavutwa mpaka pale, na mbele ya wateja, mbele ya binti wa Kimya aliyekuja na chakula, akamwita muuaji. Kimya akachukua tochi. Akaingia ndani ya gari, akaingia chini ya gari, akakaa huko muda, akatoka anapangusa mikono. Hakumtazama baba yako. Alinitazama mimi.

"Breki nimeziangalia, mzee."

Mimi nikayatazama malapa yangu.

Tangu siku ile hakuna gari lililoingia kwa Kimya. Dereva wa basi la shule kahamia gereji nyingine. Muuza mkaa, ambaye pikipiki yake imefungwa kwa kamba na dua, naye eti anaogopa. Ijumaa iliyopita nikamwona Kimya anapanga spana ndani ya sanduku. Mkewe akamwambia bibi yako kwamba mwisho wa mwezi wanahama, shemeji yake amempatia kazi ya kubeba mizigo bohari. Fundi wa miaka ishirini na mbili, mgongo wake ukafanywe toroli kwa sababu ya mdomo wangu. Na mimi napita upande wa pili wa barabara, nachechemea, kama mwizi wa kuku.

Ndipo picha yako ikaingia. Nilipokaa pale kwenye ndoo niliona jambo moja tu. Kama siku ile ningesema kweli, habari ingeshakufikia, na wewe ungeshusha miguu. Uongo wangu ulikuwa umepanda gari lako, uko nawe kwenye mvua, na mimi niko huku nanyamaza.

Jumatatu nikaenda. Kimya alikuwa amekalia tairi, hana anachofanya. Nikamwambia, "Kimya, breki zako hazikuwa na kosa. Nilibonyeza kitufe nisichokijua."

"Najua, mzee."

"Umejuaje?"

"Dereva anayekanyaga breki havui kiatu cha kulia. Kiatu chako nilikikuta chini ya kiti."

"Mbona hukusema mbele ya mwanangu?"

Akapangusa mikono isiyo na grisi mpaka nikadhani maneno yake ya siku yamekwisha. Halafu akasema, "Ungekuwa wewe ndiye fundi, ungemwambia mtoto wa watu kwamba baba yake ni mwongo?"

Chiriku, nimetukanwa na askari wa barabarani, nimetukanwa na mama mkwe. Hakuna aliyewahi kunipiga hivyo. Nikamwambia nitasema kwa watu. Akajibu, "Uliposemea ndipo usemee."

Nikashuka kwa waseremala. Nikasimama palepale kwenye kona, nikaeleza yote, R, E, S na kiatu. Nilitegemea wanitukane. Wakacheka, mjukuu wangu, mpaka mmoja akakaa chini. Yule wa kitanda akauliza, "Kwa hiyo mninga wangu umekufa kwa ajili ya herufi T?" Sasa naitwa Mzee Pumzika. Hata watoto wa shule wameshalijua. Acha waniite. Kwa umri huu nilidhani majina yamekwisha.

Nyumbani nikamwambia bibi yako. Akaendelea kuchambua mchele kwa mkono mmoja. "Mimi nilifunikwa jicho," akasema, "masikio yalikuwa wazi. Nilikuwa nakungoja."

Baba yako nilimpigia bila spika, nikakandamiza simu sikioni mpaka likauma. Nikamweleza yote. Kisha akasema, "Baba, nilimwita muuaji mbele ya binti yake." Akarudia tena. Halafu: "Nakuja Jumamosi." Akikupigia usimbembeleze, tafadhali. Mwache aje na aibu yake yote, asiipunguze njiani. Yangu naijua uzito wake, nitakaa kando yake wakati anaongea na Kimya. Funguo za gari nimezitia kwenye bahasha, ni zake. Kliniki sasa tunakwenda kwa basi, na bibi yako anasema dereva wa basi ni kijana mzuri na hahesabu nguzo.

Sasa wewe. Shusha miguu. Gari halijiendeshi, linakutii tu, na kitu kinachotii bila kufikiri ni cha kuogopwa. Mvua ikinyesha, izime. Kona, mteremko, magari mengi, usingizi ukikubembeleza, izime, na kama ni usingizi simamisha gari kabisa ulale. Mguu ukae jirani na breki hata kama hauna kazi, mlinzi naye hana kazi mpaka mwizi aje. Na kile kitabu cha gari ulichokitupa kwenye kisanduku pamoja na chupa za maji, kitoe ukisome, kitufe kwa kitufe. Wewe una shule, huna pa kujificha kama mimi. Usipokielewa, uliza, hata ukichekwa. Kuchekwa nimekuonjea, hakuui.

Bibi yako anakubusu mashavu yote mawili. Mama yako mdogo anakusalimu na anauliza gauni ulilomwahidi. Mjomba wako kinyozi anakusalimu, bado ana upara na bado anauza dawa ya nywele. Muuza mkaa naye amenituma, ila salamu zake ziache hukuhuku. Msalimie huyo mwenzako aliyepiga picha, umwambie siku nyingine akukemee, asikupige picha.

Kama Kimya atahama au atabaki sijui. Sikumwomba abaki, sina uso huo. Jana pikapu ya waseremala, ile ya mwenye kitanda, ilikuwa imesimama mlangoni kwake. Leo asubuhi nilipokaa kuandika ukurasa wa kwanza mtaa ulikuwa kimya. Sasa hivi ninapokuandikia haya, nasikia kutoka upande wa gereji nyundo inagonga ringi ya gari. Nimeweka kalamu chini mara mbili ili nihakikishe si masikio yangu.

Mungu akushike mkono na usukani pamoja.

Ni mimi nikupendaye, nikiwa macho,
Babu yako.