Kichwa cha Mugisho

Baba Mugisho,

Hapa Richfield baridi imeanza, na binti yetu Héritière ameng'oka jino la mbele. Anakusalimu.

Kila ukimpigia Mugisho kutoka Texas, unamwambia anarusha mpira wa Kimarekani kama nyota wa televisheni, ana mkono wa huyu na macho ya yule, na kwamba nyota hawatoki uwanjani kwa maumivu. Mtoto ameyashika. Alipogongwa kichwa uwanjani nilimpeleka kliniki, na kama kawaida yetu yeye ndiye aliyenitafsiria Kiingereza cha daktari.

"Mama, daktari anasema nipumzike leo tu."

Nikamwamini. Juma lililofuata akacheza, akagongwa tena, akazimia.

Safari hii nilikwenda na Nkatha, nesi Mkenya tunayesali naye. Ndiye aliyenieleza kwamba daktari alikuwa amemkataza mpira tangu siku ya kwanza. Mugisho akalia: "Baba alisema nyota hawatoki."

Kofia yake ya mchezo nimeirudisha kwa kocha kwa mikono yangu. Usinipigie kunifokea, sitabadilika.

Tangu azimie, Mugisho husahau mambo; jana aliniuliza baba anatoka kazini saa ngapi, kana kwamba bado unaishi nasi. Ikabidi nimwambie upya, kama habari mpya, kwamba ulituacha.

Mimi, mama yake,
Mutesi