Vumbi la Chumba cha Baba Mkwe

Bagamoyo, Tukuyu
8 Juni 2024

Baba Tulia,

Ndaga. Natumaini joto la Dar halijakuchosha na kazi ya kuosha AC za watu inakwenda. Mimi mzima. Tulia ameniletea salamu kutoka bwenini, anasema anasoma vizuri. Mvua haijakata huku. Nguo nilizofua Jumatatu nimezianua leo zikiwa bado na unyevu.

Nakuandikia kwa sababu simu inasikika nyumba nzima, na jambo lenyewe linamhusu baba. Ile AC ya kutoa joto uliyomfungia wakati wa Krismasi anaipenda sana. Hata wazee wenzake wa kanisani wanakuja kuota kama wamepata jua. Lakini filta uliyosema ioshwe kila baada ya wiki mbili haijaguswa tangu uondoke. Nimepitia shajara yangu na ni kweli, hakuna siku iliyooshwa. Ulinionyesha kuiosha pale sebuleni, ukiwa umeishika mkononi. Kuitoa ukutani hukunionyesha, na ukuta wenyewe ni wa chumba cha baba mkwe. Wewe umezaliwa nyumba hii. Unajua mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe wala hagusi kitanda chake. Chakula chenyewe naweka mlangoni, nabisha, naondoka.

Ameanza kukohoa na kupiga chafya kila asubuhi. Dirisha hafungui, anasema joto litatoka. Naomba umwambie Obed atoke Msasani ya hapa Tukuyu aje aioshe. Nikimwambia mimi, huyo mdogo wako ananiitikia tu.

Mkeo,
Mama Tulia


Dar es Salaam
29 Juni 2024

Mama Tulia, mke wangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ni mgongo tu, kazi ya kushinda juu ya ngazi. Barua yako dereva wa basi alinikabidhi salama.

Hayo ya baba nimeyaelewa kabisa. Wiki hii nimeosha AC ya mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa anabanwa kifua. Nilipoifungua, ndani kuvu jeusi kama masizi. Nikamwambia, "Mama, mtoto wako analala jalalani." Alinuna, lakini baadaye akanipa chai. Na huko kwetu unyevu ni mwingi kuliko hapa, kwa hiyo usipuuze.

Ila hayo ya kumkimbia baba mkwe ni mambo ya bibi zetu. Mwenye nyumba wangu hapa anacheza bao na mkamwana wake, na wanatukanana. Jumapili baba akienda ibadani, ingia. Shika kifuniko pande zote mbili, kinyanyue, vuta filta. Osha kwa maji na sabuni kidogo, ikauke kivulini, rudisha. Nani atajua? Obed nimemwambia pia, lakini unamjua.

Mumeo,
Baba Tulia


Bagamoyo, Tukuyu
21 Julai 2024

Baba Tulia,

Ndaga, na pole na mgongo. Mimi nipo. Baba ndiye hayupo vizuri.

Obed alikuja. Aliingia chumbani, akaweka kiganja mbele ya AC, akatoka. "Shemeji, si inapuliza? Sasa ugonjwa uko wapi?" Kisha akachukua matambara akaziba nyufa zote za dirisha ili baridi isipite. Baba alimbariki. Tangu siku hiyo kikohozi kimezidi, na kifua kinapiga filimbi hadi naisikia nikiwa jikoni.

Obed alimpeleka hospitali. Daktari alimpa dawa ya kuvuta, akasema ni mzio, akauliza kama kuna kitu kipya nyumbani, vumbi au kuvu. Obed akajibu hakuna. Amenisimulia mwenyewe huku anacheka, ati madaktari wanapenda umbea.

Nilijaribu kumfikishia baba kwa njia ya heshima. Jirani yetu Mama Esnath alikuwa kwangu, nikamwambia kwa sauti, "Jirani, hivi ile mashine ya baba si ingeoshwa?" Baba akajibu kutoka chumbani kwake, bila kumtaja mtu: "Waambieni walioko jikoni, mashine ya mwanangu itaguswa na mwanangu." Mama Esnath akajiziba mdomo kwa kanga. Mimi sikuona cha kucheka.

Njoo, hata kama ni kulala siku moja.

Mkeo,
Mama Tulia


Dar es Salaam
4 Agosti 2024

Mama Tulia,

Habari za huko. Mimi mzima.

Kuja siwezi, tumechukua kazi ya jengo zima. Obed ameniambia baba anahangaika kupumua na wewe umekaa unasubiri mimi nipande basi. Nimekueleza filta inavyotoka. Umefika kidato cha nne, unashindwa na kitu wanachofanya wasichana wa kazi wa huku? Baba akizidiwa kwa vumbi lililo ndani ya nyumba unayoifagia wewe, nitamuuliza nani?

Jumapili ijayo ingia. Nimesema mimi, mumeo.

Baba Tulia


Bagamoyo, Tukuyu
18 Agosti 2024

Baba Tulia,

Ndaga. Natumaini hii itakukuta salama.

Niliingia. Jumapili ya tarehe kumi na moja, kengele ya pili ilipolia. Nilivua viatu mlangoni, sijui kwa nini. Filta ilikuwa imevaa vumbi zito kama blanketi kuukuu, na nyuma yake kuvu jeusi ulilolisema. Nilizima umeme kwanza, nikafuta nilipofikia, nikaosha filta, nikatoa matambara ya Obed, nikafungua dirisha. Shuka lilinuka uvundo, nikalivua nikalifua.

Hilo shuka ndilo kosa langu. Halikukauka. Baba alirudi akalikuta kwenye kamba uani, linadondosha maji, na mimi nimesimama pembeni.

Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwa Obed. Siku mbili alikaa huko, na aliporudi alilala bila kukohoa, nilimsikiliza kupitia ukuta. Asubuhi yake wazee wa ukoo wakaja. Wanasema mkamwana aliyegusa shuka la baba mkwe amemvua nguo. Nirudi kwetu Kiwira mpaka ng'ombe wa kusuluhisha koo zetu mbili apatikane na jambo lisafishwe.

Ng'ombe sibishani naye. Ninachoomba ni kimoja. Wananiuliza nani alinituma, na wanadhani niliingia kwa dharau au kwa jambo baya zaidi, ambalo Obed amelitamka waziwazi. Mpigie baba, mwambie ni wewe uliyenituma.

Mkeo,
Mama Tulia


Dar es Salaam
7 Septemba 2024

Mke wangu,

Pole sana. Nimesikitika.

Baba alinipigia kabla barua yako haijafika. Alikuwa na uchungu. Nikaona nikimwambia nilikutuma mimi, mtoto wake wa kwanza, nitamuua kabisa. Nikanyamaza. Tafadhali sema ulifikiri mwenyewe kwa nia njema, omba radhi, yaishe. Wewe ni mwanamke, watakusamehe upesi. Mimi wakinishika kwa hili sitasimama tena kwenye kikao cha ukoo. Ng'ombe nitamleta Krismasi.

Na kabla hujaondoka, osha ile filta mara nyingine, maana Obed hawezi.

Mumeo,
Baba Tulia


Kiwira
13 Oktoba 2024

Wilson,

Salamu. Mimi ni mzima, niko kwa mama yangu. Tulia nimemweleza mwenyewe, akifunga shule atakuja huku.

Jana waliniita Tukuyu kwenye kikao. Wakaniuliza tena nani alinituma, nikajibu, mume wangu. Obed akakupigia, akaweka simu mezani ili wote wasikie. Ukasema, "Mimi nitamtumaje mke wangu kwenye chumba cha baba?" Ukacheka kidogo. Nyuma yako fundi mwenzako alikuwa anaita uteremshe ngazi.

Barua zako nilikuwa nazo kwenye mkoba. Ningeweza kuziweka pale mezani. Nilitaka kweli itoke kinywani mwako, na nilipoikosa sikuitaka tena. Ng'ombe usilete. Baba yangu amewaambia wazee hatampokea.

Baba yako sikumwona, alikuwa chumbani, lakini kikao kizima tulikuwa tunapaza sauti ili kikohozi chake kisituzidi. Matambara yamerudi dirishani. Kifua kinapiga filimbi tena, na ile dawa ya kuvuta haimfai kitu akiwa amelala mle ndani. Wazee wamekataza mwanamke yeyote kuingia. Obed anaogopa kufungua kifuniko, anasema atapigwa shoti.

Hakuna aliyekukataza wewe.

Leah