Sosi ya Saladi Niliyomlisha Baba

Nyumbani, meza ya jikoni,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Natumaini u mzima huko uliko, na lile jino limeacha kukusumbua. Shemeji hajambo? Na Kibonge wenu? Sisi tunapumua tu. Mama anakula kidogo. Mimi nimerudi karakanani, naharibu mbao nzuri kwa kuwa akili haipo. Nakuandikia kwa sababu haya nimeshindwa kuyasema kwenye simu.

Tulikwambia Baba ameondoka kwa ugonjwa wake wa koo. Si kweli, Dada. Nilikudanganya.

Unajua kila kitu kikavu kilimkwama. Nikakumbuka ile sosi nzito ya saladi uliyonifundisha: viini viwili vya mayai mabichi, haradali, siki, kitunguu saumu, kisha mafuta tone kwa tone huku mkono haupumziki. Nikakuna tango na karoti, nikachanganya, nikamlisha. Akala, akadai zaidi, akaniita mpishi mkuu, mimi ninayeunguza hata maji! Kwa wiki tatu hakutaka kingine, nami nilijiona mtu.

Sasa sikia ujinga wetu. Friji letu kuukuu linanguruma, na kelele zake zilimnyima Baba usingizi wa mchana. Basi kila baada ya chakula tulilichomoa, na akiamka tunalichomeka. Alhamisi ile nilitengeneza bakuli zima asubuhi, nikaliweka ndani, mchana nikachomoa waya, nikaenda kazini. Mama naye alipitiwa na usingizi. Niliporudi jioni bakuli lilikuwa vuguvugu. Nilionja kidogo, na kwa ukali wa siki sikusikia kasoro. Nikamlisha. Ijumaa alitapika na kuhara kutwa nzima, na mwili ule haukuwa na cha kupoteza. Jumamosi tukamkosa.

Mama amemshupalia muuguzi aliyekuwa akija kumdunga sindano, kwamba dawa yake ndiyo iliyomuua. Amepeleka malalamiko, na dada wa watu amesimamishwa kazi. Kesho kutwa anaitwa mbele ya wakubwa wake. Huyo ndiye aliyekuwa akimwogesha Baba mimi nikiona haya, na mazishini tulimfukuza.

Jana nilimweleza Mama yote. Akasema, "Funga mdomo. Yeye kazi atapata nyingine. Mimi mwana mwingine wa kunizika sina hapa."

Ameapa nikienda kusema nisirudi kwake. Nitakwenda, Dada. Naogopa, lakini nitakwenda.

Msalimie sana shemeji, na Kibonge umbusu mashavu yote mawili. Mungu awafunike kwa rehema zake. Mama akikupigia akilia kwamba hana tena mtoto wa kiume, mpokee, umsikilize, na usinitetee.

Mdogo wako akupendaye, hata kama wewe sasa huwezi kunipenda,

Fundi