Sauti Yangu Inaamsha Batu Mpaka Dilolo

Mama Mwanvua, mshauri wetu, unisaidie, mi niko natafuta fasi ya kuficha uso hapa Kolwezi.

Naitwa Gael, naimba mu korale ya parokia, na nilitengeneza aplikasio ya nyimbo zetu, na alarme ya kuamusha batu kwa sala ya asubui, na kwa sababu Play Store inaomba karte ya banki na mi sina, nikaipitisha telefone kwa telefone, Bluetooth na WhatsApp, lakini mama, nilikosea, nilituma ile ya kujaribia, ile ya kwangu peke yangu, na mule alarme haikuwa kengele, ilikuwa sauti yangu: "Abigaël, chérie, amuka, mi nakupenda!"

Sasa imetembea, bachuuzi ba treni bameipeleka Tenke, Lubudi, mpaka Dilolo, na mujomba wangu wa kule amepiga simu kuuliza huyu Abigaël ni mutakatifu gani.

Dimanche, siku ya Mungu, misa ilianza mapema, alarme zikalia zote pamoja katikati ya mahubiri. Tata Banza, kiongozi wa korale na baba ya Abigaël, akasimama: "Hii sauti ni ya nani?" Mi nikaangalia chini, na Sadrack, mutengenezaji wa telefone, mwenye anamupenda Abigaël naye, akanyanyua mukono: "Ni yangu, tata." Tata Banza akamuambia alete bazee ba kwabo Samedi, baongee mambo ya ndoa!

Inje Abigaël akaniuliza, "Gael, si sauti yako ile?" Nikajibu, "Hapana, ni virusi." Akaenda, lakini aplikasio hajaitoa. Nifanye nini, mama? Siwezi kuingia mu telefone za batu kuifuta.

Gael, Kolwezi

MAMA MWANVUA ANAJIBU

Gael mwanangu, nimecheka mpaka chai imemwagika, halafu nimekasirika. Umetangaza mapenzi mkoa mzima wa Lualaba, na msichana alipokuuliza ana kwa ana ukajiita virusi! Pole kwa aibu, ila aibu si sababu ya kumwachia Sadrack mchumba.

Aplikasio inarekebishika. Tengeneza toleo jipya lenye kengele, saini yake ya kidijitali iwe ile ile na namba ya toleo iwe ya juu zaidi, ili simu zilikubali na likae juu ya lile la zamani bila watu kupoteza nyimbo. Liweke kwenye ukurasa mmoja wa korale, kila mtu alichukue pale, siyo kwa binamu wa jirani. Wachuuzi wa treni uwape pia. Kule Dilolo wengine utaendelea kuwaamsha, vumilia.

Lakini hiyo ni kazi ya kesho. Leo mtafute Abigaël, umwambie kwa mdomo wako. Msichana asiyetaka angeifuta siku ile ile. Kisha mchukue baba yako mdogo muende kwa Tata Banza kabla ya hiyo Samedi, yaani Jumamosi. Akikataa kukuamini, mwombe amwite Sadrack, msimame wote wawili uani, kila mmoja aseme maneno yale ya alarme. Mzee anaongoza korale. Sauti hawezi kuikosea. Na telefone uiache nyumbani, isije ikalia kabla yako.